Ninunue mfumo wa duka au nibaki na daftari langu la kamba?

Ndugu mshauri, habari za kazi.

Mimi ni mama wa miaka 47, nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro, Kihonda. Nilianza mwaka 2013 na saruji mifuko kumi, misumari na chokaa. Sasa namshukuru Mungu, nauza nondo, bati, mabomba, nyaya na rangi, na mwaka jana nilifungua kaduka kengine Mkundi. Kihonda niko mimi na kijana mmoja wa mauzo. Mkundi yuko binti niliyemlea mwenyewe.

Hesabu zangu zote ziko kwenye kaunta buku. Nimelifunga kamba kwenye mguu wa meza lisitembee, na kalamu nayo nimeifunga. Ukurasa wa kushoto ni mauzo, wa kulia ni mali kauli, maana mafundi wengi wanachukua vitu leo na kulipa tajiri wa nyumba akiwalipa. Wengine wananitumia kwa M-Pesa kwenye namba yangu mwenyewe, ileile ambayo ndugu wananitumia michango ya harusi. Ukiniuliza sasa hivi nawadai mafundi kiasi gani, nitakwambia milioni tatu au nne.

Desemba nilifunga duka siku mbili tukahesabu mali. Saruji ilipungua mifuko 14. Misumari ya inchi nne, nusu katoni haionekani. Kuna rola ya waya iliyofunguliwa, hakuna anayejua zimeuzwa mita ngapi. Kijana aliapa kwa jina la mama yake. Sikumfukuza, lakini tangu siku ile akiinama tu chini ya kaunta nageuza shingo, na sipendi hali hiyo.

Mwezi uliopita alikuja mtu mmoja nadhifu na begi la kompyuta, akanionyesha mfumo wa kisasa wa duka. Bei yake 1,850,000, humo ndani mna kompyuta iliyotumika yenye Windows 10, printa ndogo ya risiti na kile kidude cha kusoma mistari ya bidhaa. Baada ya hapo nalipa 60,000 kila mwezi. Anasema nitaona mauzo kwenye simu nikiwa nyumbani, wizi utakwisha, na mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, haitakuwa na kazi tena kwa sababu mfumo wake unatoa risiti. Amenipa hadi mwisho wa mwezi, baada ya hapo bei inapanda.

Sasa mimi nilishaumwa na nyoka, hata ung'ongo unanishtua. Mwaka 2021 nilimlipa kijana mmoja 600,000 akaniwekea mfumo. Ulifanya kazi miezi saba. Asubuhi moja ukaanza kuomba namba ya leseni. Nikampigia, hapokei, baadaye hapatikani kabisa. Madeni ya miezi saba yalibaki mle ndani, nikakusanya yale niliyoyakumbuka kichwani. Kompyuta yenyewe ipo stoo chini ya ndoo za rangi, sijui niiuze au niitupe.

Baba watoto anasema daftari limetusomeshea watoto watatu, kompyuta haijasomesha hata mmoja. Mtoto wa dada yangu yuko chuo, anasema programu za bure zimejaa kwenye simu, nisitoe hata senti. Mimi kwenye mfuko wa saruji naambulia shilingi 500, kwa hiyo hela ya kujaribia sina. Nimsikilize nani?

Mama wa Vifaa, Kihonda

*

Dada yangu wa Kihonda, salaam.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye neno moja dogo. Unawadai mafundi milioni tatu au nne. Hiyo "au" ni shilingi milioni moja. Kwa hesabu yako ya 500 kwa mfuko, ni faida ya mifuko 2,000 ya saruji, na hakuna mtu Kihonda nzima anayejua kama ipo au haipo. Mifuko 14 iliyokunyima usingizi, hata ukiilipa yote kwa bei ya dukani, haifiki nusu ya hiyo "au".

Kwa hiyo yule mtu nadhifu usimpe hela mwezi huu. Akisema bei inapanda, mwache ipande. Mfumo mzuri utakuwepo mwezi ujao na mwaka ujao, na muuzaji anayekuharakisha ana sababu zake ambazo si zako.

Tuipige kwanza hesabu yake, maana yeye amekutajia bei ya kuingia tu. Elfu sitini mara 12 ni 720,000 kwa mwaka. Ukikaa naye miaka mitatu umelipa 4,010,000 jumla na ile ya mwanzo. Hiyo 60,000 peke yake ni faida ya mifuko 120, yaani kila mwezi mifuko 120 ya kwanza unauza kwa niaba yake, kuanzia wa 121 ndiyo unauza kwa ajili ya watoto. Na umemuuliza kama bei hiyo ni ya duka moja au mawili? Wengi wanatoza kwa kila duka, wengine kwa kila mtu anayeingia kwenye mfumo. Sisemi ni ghali. Kama ungekurudishia ile milioni ndani ya mwaka ungekuwa umejilipa sehemu nzuri. Tatizo ni kwamba mfumo unajua kile tu ulichoandikiwa. Kama fundi amepakia mifuko sita kwenye guta saa moja asubuhi na hakuna aliyeandika, kompyuta ya milioni mbili itakaa pale mezani bila kujua, kama ambavyo daftari halikujua.

Mwaka 1979 Wamarekani wawili, Dan Bricklin na Bob Frankston, walitoa programu iitwayo VisiCalc, ile iliyowazaa akina Excel wote. Watu walikuwa wakiingia madukani kununua kompyuta ya Apple II kwa ajili ya programu hiyo moja tu, kwa sababu walikuwa na kazi mkononi: kurudia hesabu za jedwali zima kila namba moja ikibadilika, kazi iliyokuwa ikiwalia siku nzima kwa penseli na kifutio. Kazi ilitangulia, mashine ikafuata. Wewe umeletewa mashine kwanza, sasa unatafutiwa kazi ya kuipa.

Kazi yako ya kwanza ni mali kauli. Iondoe kwenye ukurasa wa kulia wa daftari, iweke kwenye jedwali la Google Sheets, ambalo ni bure na linafunguka kwenye simu janja yoyote. Mpe kazi hiyo binti wa Mkundi, nina hakika kwenye simu ana vidole vyepesi kuliko mimi na wewe. Safu saba zinatosha: tarehe, jina la fundi, namba ya simu, alichochukua, thamani yake, alicholipa, baki. Safu ya baki aiwekee fomula ijipige yenyewe. Kwenye simu zenu achague faili hilo lipatikane bila mtandao, ili bando likiisha msikae mnaangaliana.

Halafu utaratibu. Daftari libaki na kamba yake. Kila jioni kabla ya kufunga, piga picha ukurasa wa siku hiyo uitume kwenye kikundi cha WhatsApp chenye watu watatu tu: wewe, kijana na binti. Binti anayaingiza kwenye jedwali usiku au asubuhi. Dakika kumi na tano. Ukiona siku mbili zimepita bila picha, hapo ndipo tatizo lako lilipo, na ni afadhali ulijue sasa kabla hujatoa milioni mbili.

Ongeza jambo moja ambalo nimeliona likifanya kazi kuliko programu nyingi za kulipia. Sakinisha WhatsApp Business kwenye laini ya duka. Ni bure, ipo tangu 2018. Ina sehemu ya kuhifadhi ujumbe wa kutumwa haraka na lebo za rangi za kuwapanga wateja. Fundi akichukua vitu kwa mali kauli, kabla hajatoka kwenye kibaraza anapata ujumbe: "Fundi, leo umechukua saruji mifuko 6 na nondo 4 za milimita 12. Jumla ni hii, baki lako la zamani ni hili, yote pamoja ni haya." Yeye atajibu "sawa bosi" au ataweka kidole gumba. Hicho kidole ni saini. Miezi mitatu baadaye akikwambia "mama, mimi nilichukua mifuko minne tu," huna haja ya kupandisha sauti.

Na michango ya harusi itoke kwenye hela ya saruji. Chukua lipa namba ya duka, ibandike ukutani kwa maandishi makubwa, na kuanzia siku hiyo mteja asilipe kwenye namba yako. Zipo gharama zake ndogo, waulize kwanza. Lakini mwisho wa mwezi unapata taarifa ya miamala ya duka peke yake, na kama siku moja utakwenda benki kuomba mkopo, karatasi hiyo itakusemea zaidi ya daftari.

Sasa upande wa mali iliyopungua. Usihesabu duka zima, utachoka na mtafanya kwa hasira kama Desemba. Chagua vitu vitano vinavyotembea sana: saruji, nondo za milimita 12, misumari ya inchi nne, waya, rangi nyeupe ya ndoo. Kila Jumamosi jioni vihesabuni, na anayehesabu asiwe yule aliyeuza wiki hiyo. Yaliyokuwepo, jumlisha yaliyoingia, toa yaliyouzwa na kukopwa. Yaliyobaki lazima yalingane na yaliyopo chini. Ndani ya wiki nne utaanza kuona mwelekeo. Mifuko 14 ndani ya mwaka mzima inaweza kuwa wizi. Inaweza pia kuwa mifuko iliyopasuka, iliyoganda kwa unyevu ikatupwa, au mali kauli ya haraka ambayo wewe mwenyewe, dada, ulitoa ukiwa na simu sikioni. Kijana wako usimhukumu kwa hesabu ya mara moja kwa mwaka. Na nusu katoni ya misumari sishangai kabisa: anayepima kilo kwa mizani ya kuning'iniza na kuongeza kiganja cha mwisho ili mteja afurahi, kwenye katoni ya kilo 25 anaweza kutoa zawadi kilo nzima na zaidi bila kuiba hata msumari.

Fanya hivyo miezi mitatu. Ukiona jedwali limeelemewa, labda mafundi wamefika themanini na Mkundi kumeanza kuwa duka kweli, hapo nitakwambia nunua mfumo, tena bila kusita. Siku hiyo muuzaji akija usimwache akuonyeshe maonyesho yake. Yeye atauza soda na biskuti kwenye skrini, kila kitu kitakwenda sawa, na wewe huuzi soda. Mwambie akae upande wa mteja, kijana wako akae kwenye kompyuta, na muuzeni vitu vya dukani kwako.

Kijana auze kilo moja na nusu ya misumari kutoka kwenye katoni. Je, mfumo unajua kwamba katoni iliyoingia kama kitu kimoja sasa imebaki kilo 23 na nusu, au unataka uuze katoni nzima? Auze mita saba za waya kutoka rola ya mita 100. Hapa ndipo mifumo mingi niliyoiona inapotoa jasho, kwa sababu ilitengenezwa kwa duka la kuuza vitu kwa idadi, na duka la vifaa linanunua kwa katoni, linauza kwa kilo, linanunua kwa rola, linauza kwa mita. Kisha fundi achukue mifuko kumi kwa mali kauli, alipe nusu kwa lipa namba, kesho yake arudishe miwili kwa sababu tajiri amebadili ramani. Muulize muuzaji: deni la fundi sasa ni ngapi, na stoo kuna mifuko mingapi? Akianza kusema "hiyo tutaiongeza kwenye toleo lijalo," mshukuru, mpe maji ya kunywa, aende zake.

Katikati ya mauzo mwambie kijana achomoe waya wa umeme. Ukirudi, mauzo ya mwisho yapo? Kisha zima mtandao. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na huku kwetu na Kenya mtandao ukayumba kwa siku kadhaa. Mfumo unaouza tu ukiwa na intaneti ungekufungia duka huku saruji imejaa. Unaofaa ni ule unaoendelea kuuza, ukipata mtandao ndipo unapeleka taarifa.

Jaribio linalofuata ndilo linalohusu shingo yako inayogeuka. Mwambie kijana auze mfuko mmoja, achukue hela, kisha aufute ule uuzaji. Halafu wewe ingia kwa paswedi yako utafute. Kama umepotea kama haukuwahi kuwepo, mfumo huo utafundisha wizi hata mtu mwaminifu. Mfumo wa maana haufuti: unaandika kwamba uuzaji fulani umebatilishwa, na nani, saa ngapi. Ndiyo maana kila mtu lazima awe na paswedi yake, na ukiona yako imebandikwa kwenye kioo cha kompyuta kwa selotepu, basi hakuna aliyekuibia, umejiibia mwenyewe.

Mwisho wa yote mwambie akutolee orodha ya bidhaa, mauzo na madeni kwenye faili la Excel, alitume kwenye barua pepe yako, ulifungue kwenye simu yako yeye akiwa amekaa pale. Kama halitoki, usinunue hata akupe bure. Lililokupata 2021 ni hili. Leseni inaisha kwa yeyote, vijana wanahama miji, kampuni zinafungwa. Ulichopoteza wewe ni orodha ya unaowadai, na hiyo haikuwa mali ya yule kijana. Iandikwe kwenye mkataba kwamba taarifa ni zako, kila tarehe mosi unajitolea nakala mwenyewe, na malipo yanakwenda kwa awamu: sehemu ya kwanza mfumo ukiwekwa, iliyobaki baada ya mwezi mmoja wa kufunga hesabu bila kilio. Muulize pia ukikwama Jumamosi saa nne asubuhi, watu wamejaa kibarazani, nani anakuja, na anatokea wapi. Dar ni mbali siku hiyo.

Hiyo kompyuta yake iliyotumika siipendi. Microsoft ilisimamisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo anakuuzia kitu ambacho mlango wake haukarabatiwi tena kama kawaida. Na kidude cha kusoma mistari kiache kwenye begi lake. Mistari hiyo, yaani bakodi, ilisomwa kwa mara ya kwanza kwenye pakiti ya bigijii, katika duka kubwa la huko Ohio, Marekani, mwaka 1974, na mpaka leo inafaa zaidi kwa vitu vya pakiti. Makopo yako ya rangi na swichi za umeme vitakuwa nayo; za viwanda vilivyosajiliwa Tanzania utaziona zinaanza na 620. Misumari ya kupimwa haina. Nondo haina.

Kuhusu EFD, hapo amekudanganya au hajui, na sijui lipi ni baya zaidi. Mashine hizo TRA, mamlaka ya mapato, ilianza kuzitumia mwaka 2010, na risiti yake ina namba ambayo mteja anaweza kuihakiki kwa TRA. Karatasi inayotoka kwenye printa ya mfumo wa duka haiwi risiti ya kodi kwa sababu tu imechapishwa vizuri. Ipo njia halali ya kutoa risiti za EFD kwa programu badala ya mashine, lakini lazima iwe imesajiliwa na kuunganishwa na TRA kwa TIN, namba ya mlipakodi, yako wewe. Kabla hujaizima mashine, nenda ofisi yao ya Morogoro na jina la huo mfumo kwenye karatasi, wakujibu wao. Faini haitamfuata muuzaji. Na kwa kuwa tumeigusa: ile ripoti ya Z inayotoka kila siku unaitupa wapi? Ni jumla ya mauzo yako ya siku, umeshailipia. Ibandike kwenye daftari pembeni ya mauzo ya siku hiyo, uone kama vinasalimiana.

Mtoto wa dada yako yuko karibu zaidi na ukweli kuliko muuzaji, ila "bure" ina miguu. Chukua Loyverse, inafahamika sana: programu yenyewe ni bure, inauza bila mtandao na kupeleka taarifa baadaye, inafaa kujaribia pale Mkundi kwenye kishkwambi. Lakini usimamizi wa wafanyakazi na wa stoo kwa undani ni nyongeza za kulipia kila mwezi. Na nyingi za aina hiyo ziliundwa zikiwaza mgahawa na duka la hela taslimu, kwa hiyo mali kauli ibaki kwenye jedwali lako hadi programu ithibitishe inaiweza. Akikuletea habari za Odoo au ERPNext, mwambie umezisikia. Ni mifumo mizuri, mikubwa. Kwa maduka yako mawili ni kupeleka trekta kwenye bustani ya mchicha.

Baba watoto naye usibishane naye. Daftari haliombi leseni. Mwambie halitoki, linapata msaidizi tu, na yeye ndiye apewe kazi ya kuhesabu vile vitu vitano kila Jumamosi, maana hauzi na hana wa kumwonea aibu.

Imebaki kompyuta ya stoo. Usiitupe, na usiiuze bado. Leseni ilifunga mlango wa programu, ila mara nyingi faili la taarifa linabaki kwenye diski vilevile. Mtafute fundi wa kompyuta aitoe diski, aiweke kwenye kasha la USB, anakili kila kitu kwenye flashi mbili, kisha ajaribu kulifungua faili la ule mfumo. Mkubaliane mapema kwamba kazi ya kunakili ina bei yake ndogo, na ya kufungua inalipwa ukishaona kwa macho yako jina la fundi mmoja na deni lake kwenye skrini. Hata kama madeni ya 2021 hayalipiki tena, kuna majina humo ambayo leo bado yanakuja kukukopa. Siku utakayoiuza, iuze bila diski. Diski ina majina na namba za simu za watu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika, hizo si za kuachia mnunuzi wa vyuma chakavu. Ila kwa leo anza na kuziondoa hizo ndoo za rangi juu yake.